Tairi la theluji linatafuta nini Gerezani?

Neno lenyewe limechongwa ubavuni kwa herufi kubwa: STUDLESS. Nililisoma mara ya kwanza nikiwa nimechuchumaa mbele ya rundo la matairi ya mtumba kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, jua la saa nane likinichoma shingoni. Nikamuuliza muuzaji maana yake nini. Hakusita hata kidogo.

"Hiyo ni tyubulesi, dada. Ila tyubulesi ya Kijapani, ile orijino."

Akalinyanyua, akalidundisha chini mara mbili, akapitisha kidole gumba juu ya kashata, yale matuta ya mpira yanayogusa barabara. "Cheki. Mbichi kabisa. Asilimia 80 hii. Ukichukua ya Mchina pale jirani utanikumbuka."

Kwa macho, sikuwa na la kumpinga. Lilikuwa tairi zuri kuliko yote yaliyokuwa pale. Kashata zimesimama wima, ubavu hauna mpasuko, mpira ni laini kiasi kwamba ukiubonyeza kwa kucha unabonyea. Saizi yangu ileile, 175/65R14, ya kigari changu cha kwendea kazini. Bei elfu 50, chini ya nusu ya jipya. Tairi langu la mbele kushoto lilikuwa limetoa nundu baada ya kuingia shimo njia ya Goba, na mwezi ulikuwa umefika tarehe 24. Kilichoniokoa ni kwamba yeye hakutaka kushuka hata elfu 5 na mimi sikutaka kupanda. Nikaondoka nimenuna.

Usiku ule nikachukua tochi ya simu nikalizunguka gari langu pale uani. Mbele kulia: STUDLESS. Nyuma yote mawili: STUDLESS. Lile lenye nundu, baada ya kulifuta vumbi kwa kitambaa: STUDLESS. Miaka miwili nilikuwa natoka Tegeta kwenda Posta na kurudi, na gari limevaa koti la manyoya.

Neno hilo halina undugu wowote na tyubu. Maana yake ni tairi la theluji lisilo na misumari. Zamani Wajapani wa upande wa kaskazini, Hokkaido na Tohoku, walifunga matairi yenye vijimisumari vya chuma ili yaume barafu. Barafu ilipokuwa imeyeyuka, vile vyuma vilibaki vikisaga lami tupu, na lami ikawa vumbi linaloingia majumbani na kwenye mapafu. Mji wa Sendai ulipata sifa mbaya kwa vumbi hilo. Mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuyadhibiti matairi ya misumari, na viwanda vikalazimika kutafuta mpira unaoshika barafu wenyewe, bila chuma. Bridgestone walikuwa wameshaingia sokoni na Blizzak tangu 1988. Yokohama wana iceGUARD, Dunlop wana Winter Maxx. Ukiyaona majina hayo kwenye rundo la Gerezani, Ilala au pembeni ya barabara ya Mandela, ujue umekutana na mgeni aliyepotea njia.

Nina binamu anaishi Montreal. Kila ifikapo Oktoba ananitumia ujumbe wa sauti wa kulalamika: apeleke gari akafungiwe matairi ya baridi sasa, au asubiri wiki mbili aokoe mpira? Hana uhuru mkubwa wa kuamua, maana sheria ya Quebec inataka magari yaliyosajiliwa kule yawe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani hawakuweka tarehe. Wao wanaangalia hali ya barabara, yaani ikiwa na theluji au barafu, tairi la kawaida ni kosa, na tangu Oktoba 2024 linalohesabika ni lile lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Lakini nyuma ya sheria zote hizo iko namba moja ambayo madereva wa huko wanaijua kama sisi tunavyojua bei ya mafuta: nyuzi joto 7. Joto likishuka chini ya hapo, tairi la kawaida linaanza kukakamaa. Likipanda juu ya hapo, tairi la baridi linaanza kulegea.

Dar es Salaam haijawahi kuonana na nyuzi 7. Julai, mwezi ambao abiria wa bodaboda wanavaa makoti na kulalamikia baridi, alfajiri inashuka hadi 18 au 19. Januari na Februari mchana ni 31, 32, na hiyo ni hewa ya kivulini. Lami nyeusi iliyoanikwa juani tangu asubuhi inaweza kupita 50. Vua kandambili uikanyage ya pale Mwenge saa saba mchana ndiyo utaelewa tairi linapitia nini.

Kwa hiyo swali la binamu yangu, nifunge au nisifunge, ukilileta hapa lina jibu la neno moja. Lakini sisi hatulipati kwa sura hiyo. Hakuna anayeingia dukani Kariakoo akasema anataka tairi la theluji. Linatufikia likiwa limejificha: chini ya gari lililoshushwa bandarini, au kwenye rundo la mtumba, na linatushawishi kwa sifa zilezile ambazo tumefundishwa kuzitafuta. Kashata ndefu. Mpira laini. Limetoka Japani. Kila kitu ambacho fundi alitufundisha kukikagua, lenyewe linafaulu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumejifunza kulipima tairi kwa jambo moja tu, kipara au si kipara. Trafiki akikusimamisha Kibaha, anainama kutazama kipara. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika, tunakimbilia kubadilisha vipara ili tupate stika. Ni kipimo kizuri, kimeokoa watu, sikidharau. Ila kinalipitisha tairi la theluji kwa heshima zote, tena kikilipigia makofi.

Tuangalie hizo kashata kwa karibu. Tairi la kawaida la gari dogo likiwa jipya huwa na kina cha milimita 7 au 8 hivi. La theluji huanza na zaidi, 9 hadi 10, kwa sababu linahitaji nafasi ya kushindilia theluji ndani ya mifereji yake. Halafu ukiinama kabisa utaona kila kashata imechanjwa, imejaa mikato myembamba iliyopindapinda, kama chale za mganga. Kwenye barafu, mikato ile hufunguka, kingo zake zikauma na kufyonza ule utando wa maji unaotelezesha. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu na wala sina kejeli nayo.

Kwenye lami ya moto hadithi inageuka. Kashata ndefu, laini, iliyokatwakatwa, ni sawa na kusimama juu ya brashi. Ukikanyaga breki, nywele za brashi zinalala mbele kabla gari halijaanza kutii. Ukikata usukani, zinalala pembeni. Majaribio yaliyofanywa Ulaya mara kwa mara yameonyesha kwamba kwenye lami kavu yenye joto, gari lililovaa matairi ya baridi linahitaji mita kadhaa za ziada kusimama kuliko lenye matairi ya kiangazi. Mita kadhaa si maneno madogo. Toyota IST nzima ina urefu usiofika mita 4. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa mjini, unakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto anayekatiza mbele ya daladala iliyosimama Tegeta Nyuki hana mita za kukukopesha.

Mimi dalili nilikuwa nazo muda wote, ila nilizisoma vibaya. Gari lilikuwa linachelewa kunielewa. Nikikwepa shimo, pua inaenda, mwili unafuata baadaye, halafu kiuno kinajitikisa kidogo kabla ya kutulia. Nikapeleka gereji. Fundi akalipandisha jeki, akatikisa tairi kwa mikono miwili, akasema bushi. Tukabadilisha bushi. Likabaki vilevile. Akasema stabilaiza linki. Tukabadilisha. Nikafanyiwa wili alaimenti mara mbili ndani ya mwezi. Mara ya tatu akaniambia kwa upole, "Dada, hizi gari ndogo ndivyo zilivyo." Alikuwa amelishika lile tairi kwa mikono yake, neno likiwa sentimita 20 kutoka puani pake, na mimi nimesimama pembeni natazama neno lilelile. Simlaumu peke yake. Hata mimi nilikuwa natafuta kipara.

Jambo lililonikera zaidi nililijua baadaye. Wajapani wenyewe hawalingoji tairi la theluji liishe. Limewekewa alama mbili za kuchakaa. Ya kwanza ni ile ya kawaida, milimita 1.6, ambayo ipo hata kwenye tairi lako la sasa: kijidaraja kidogo chini ya mfereji. Ya pili iko juu zaidi, na ubavuni kuna vishale vinavyoionyesha mahali ilipo. Inatokeza pale kashata inapofika nusu ya kina chake cha awali. Ikitokeza, tairi hilo halihesabiki tena kuwa la theluji. Mwenye gari wa Sapporo, kule Hokkaido, analivua, kwa kuwa anajua msimu ujao halitamshikia kwenye barafu.

Sasa fikiria. Nusu ya milimita 9 au 10 bado ni 4.5 hadi 5. Kwake yeye limekufa. Likishafika Gerezani, ukiliweka karibu na la kiangazi lililoliwa hadi 3, linaonekana limezaliwa juzi. Ile "asilimia 80" ya yule kaka hakuwa ameitunga kwa ubaya, alilinganisha kwa jicho na alichokizoea. Gari nalo likipelekwa mnadani Japani, mwenyewe hana sababu ya kuliacha na matairi yake bora. Matokeo yake tunalipokea gari la msimu mmoja na viatu vya msimu mwingine, tena viatu vilivyostaafishwa.

Umri nao. Ubavuni tafuta mstari wa namba za kiwandani, mara nyingi unaoanza na herufi DOT, ufuate hadi mwisho, usome tarakimu nne za mwisho. Yangu yalisema 4017: wiki ya 40 ya mwaka 2017, yaani mwanzoni mwa Oktoba, kiwanda kikijiandaa na baridi ya mwaka ule. Kwenye rundo lile utakutana na ya miaka mingi nyuma ya hapo. Mpira laini hauzeeki kwa heshima. Ule ulaini unakauka, tairi linakuwa gumu kama soli ya buti la mgambo, chale zinaanza kupasuka kwenye mizizi, na hapo halifai theluji, halifai kiangazi, na kashata zake bado ni ndefu za kupigia picha.

Watu niliowaeleza haya wamenijibu, na baadhi ya majibu yao yana uzito.

Wa kwanza alisema: lakini Dar ina mvua, na tairi lenye mifereji mirefu linatoa maji. Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote, na nusu yake ni kweli. Masika ikikolea, barabara ya Bagamoyo inageuka bwawa refu, na tairi kipara linaelea juu ya maji kama sahani. Mfereji mrefu unasaidia gari lisielee. Lakini kutoa maji ni kazi moja na kushika lami iliyolowa ni kazi nyingine. Mvua ya Dar ni ya uvuguvugu. Nyuzi 25 na mvua juu yake bado ni mbali sana na 7, na mpira wa theluji kwenye lami iliyolowa ya joto hilo unabaki nyuma ya mpira wa kawaida kwenye breki. Tairi la kawaida lenye milimita 5 au 6 linatoa maji ya kutosha na linashika. Kuhusu Jangwani mafuriko yakija, hakuna tairi la kukusaidia. Geuza gari.

Wa pili alisema ni laini, halirushi, halipigi kelele. Kweli, ukiwa kwenye foleni ya Mwenge ni raha. Lakini ulaini huo unalipwa kwenye kituo cha mafuta. Mpira unaobonyea na kurudi maelfu ya mara kwa kila safari unakula nguvu ya injini na kuigeuza joto. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei za mafuta, nchi nzima inaguna. Mimi nilikuwa naguna huku nimefunga matairi manne ya kunywa petroli. Tena yanakwisha haraka: yangu ndani ya ile miaka miwili yalifika karibu na milimita 3, na mimi ni mtu wa kwenda kazini na sokoni tu.

Wa tatu, shemeji yangu, mtu wa kujua kila kitu, alichungulia ubavuni akaona herufi Q. Akasema hiyo ni kilomita 160 kwa saa, nani anakimbia 160 nchi hii yenye tochi za trafiki za kupimia mwendo kila kona? Ni kweli Q ni 160, na matairi mengi ya theluji ya Japani yana Q, wakati ya kawaida ya saizi hiyo hubeba S, T au H, yaani 180, 190 na 210. Lakini herufi ile haikuwekwa ili ujue ukimbie kiasi gani. Ni namna ya kusema tairi linavumilia joto la mwendo kiasi gani, likiwa jipya, limejazwa upepo sawasawa, limebeba mzigo wake halali. Toa upya, punguza upepo, ongeza magunia mawili ya mchele kwenye buti, halafu uniambie hiyo 160 imebaki ngapi.

Na hapa lazima niseme kwa haki: tairi la theluji halilipuki kwa kuwa tu jua limewaka. Ningekuwa naandika ili kutisha watu ningesema hivyo. Mimi mwenyewe miaka miwili halikunilipukia hata moja. Mjini, mwendo wa foleni, hasara yake ni breki, mafuta na ule uyumbaji. Hasara zenyewe ni za kweli, ila ni za polepole. Picha inabadilika ukitoka nje ya jiji.

Desemba, tarehe 20 na kuendelea, ndugu zangu Wachaga wanafungasha. IST ya watu watano inabeba saba, juu kuna mabegi, kwenye buti kuna zawadi za bibi na katoni za vinywaji. Saa kumi alfajiri wako Kimara. Mchana, jua la Desemba likiwa utosini, wako Korogwe au Same, zaidi ya kilomita 100 kwa saa pale ambapo hakuna tochi, na safari ni zaidi ya kilomita 500. Kwenye tairi la saizi yangu utaona namba 82 baada ya vipimo. Maana yake kila tairi limeidhinishwa kubeba kilo 475. Mzigo ukizidi, upepo ukiwa pungufu, mpira ukiwa laini na mzee, joto linapanda ndani ya tairi hadi tabaka zinaachana. Ngozi ya juu inavuka kama ganda la ndizi. Hayo ndiyo mabaki meusi unayoyakuta yametapakaa pembeni ya barabara. Kinachonifanya nicheke kwa uchungu ni kwamba theluji pekee ya kudumu nchini iko pale Kibo, karibu na mita 5,895, wanaiona kwa mbali wakishafika nyumbani, na gari halina njia ya kufika.

Najua msomaji wa Makete atanyoosha mkono. Kitulo mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna sakitu, majani yanameta meupe, na mtu anakoka moto kabla ya kuwasha gari. Je, yeye? Jibu langu bado ni hapana. Saa nne jua limeshailamba ile sakitu yote, na kinachowasumbua kule ni kona, ukungu na tope, ambavyo dawa yake ni tairi zima la kawaida na gia ndogo. Anaposhuka Njombe kuja Dar, anashuka na matairi hayohayo.

Kabla hujakimbilia kulikagua gari lako, neno moja la kukutuliza. Herufi M+S peke yake isikushtue. Maana yake ni tope na theluji, na inachapwa kwenye matairi mengi ya magari ya juu, yakiwemo ya kashata kubwa kwa barabara za vumbi ambayo yanafanya kazi nzuri tu hapa. Unachotafuta ni neno STUDLESS, au ule mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji, ukiambatana na zile chale zilizojaa kila kashata. Hata ule mlima siku hizi unaweza kuukuta kwenye baadhi ya matairi ya majira yote, kwa hiyo chale ndizo shahidi mkuu.

Kwenye hela ndipo wengi wetu tunapokwama, na sitajifanya sijui. Elfu 50 na elfu 110 si sawa tarehe 24. Lakini kwa uzoefu wangu ile elfu 50 isingebaki elfu 50. Ongeza bushi, ongeza stabilaiza linki, ongeza alaimenti mara mbili, ongeza mafuta. Kama uchaguzi ni kati ya studless ya Japani iliyotumika na tairi jipya la kawaida la Mchina lenye stempu ya mwaka huu, mimi nachukua la Mchina bila kuuma midomo. Najua nitatukanwa kwa sentensi hiyo, maana kwetu neno Japani ni kama neno la Mungu. Japani wametengeneza tairi zuri sana, kwa ajili ya Sapporo.

Kama huwezi kununua manne kwa mpigo, nunua mawili ya saizi na aina moja, uyafunge nyuma. Fundi wa pancha atabisha. Wangu alibisha hadi akaita wenzake wawili washuhudie ujinga wangu: "Dada, usukani uko mbele, breki kubwa iko mbele, wewe unaweka mapya nyuma?" Ndiyo, nyuma. Mbele ikiteleza, gari linaenda moja kwa moja na ukiachia mafuta linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka lenyewe, na dereva wa kawaida hana ujuzi wa kulikamata. Yale ya theluji yaliyobaki yakae mbele kwa muda mfupi, mjini, na usiyachanganye na ya kawaida kwenye ekseli moja.

Upepo pima asubuhi kabla hujatoka. Karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva imeandikwa kwa Kijapani, lakini namba hazina lugha: ukiona 230, hizo ni kPa, sawa na 33 za kipimo cha fundi wetu. Na umkataze kukupunguzia mchana kwa kisingizio kwamba "upepo umepanda kwa joto". Ni kweli umepanda, kiwandani walishalijua hilo walipoandika 230 ya tairi lililopoa. Ukipunguza mchana, kesho asubuhi unatembea na tairi legevu, na tairi legevu ndilo linalochemka.

Mimi nilinunua mawili mwezi ule na mawili mwezi uliofuata. Siku niliyofunga ya mwisho nilishuka barabara ya Bagamoyo, nikakwepa shimo lilelile la karibu na kituo, na gari likakaa. Halikutikisa kiuno. Nikarudia kwenye shimo lililofuata, kwa makusudi, kama mtoto.

Yale manne ya zamani fundi aliniuliza nayauzaje. Alitaka matatu, lile lenye nundu niondoke nalo. Nikamuuliza atayafanyia nini, akanishangaa: "Si nawauzia watu, dada? Bado mazima haya." Nikayapakia yote. Moja limekuwa bembea ya watoto kwenye mwembe. Mawili mlinzi wetu aliyachukua, ana ndugu yake anashona katambuga, na naambiwa mpira wa theluji ni laini mno, soli inaisha upesi. La nne liko nyuma ya nyumba. Nimelitoboa matundu chini lisituame maji, maana dengue ya 2019 bado naikumbuka kwenye viungo. Yule fundi kila nikipita kujaza upepo ananiuliza kama lipo, ana mteja wa IST anatafuta stepu.